Kocha Asiyekuja Jumamosi

Watu wakimsifu Kocha mbele yangu, mimi husubiri wamalize. Huwa hawamalizi upesi. Watakuambia kwamba uwanja wa mpira wa kikapu wa chuo chetu aliujenga kwa mikono yake, kwamba aliwafanya vijana wa Migori waogopwe kote tulikokwenda, kwamba hakuwahi kumtukana mchezaji hata mmoja. Yote ni kweli. Wakishamaliza nawauliza swali moja tu: "Na Jumamosi ile alikuwa wapi?" Hapo mtu hukohoa, au huomba chumvi, kwa sababu kila aliyesoma chuo kile anajua Kocha alikuwa wapi, na anajua mimi nilikuwa wapi.

Nataka kueleza jinsi nilivyomjua, wala sitajifanya sina kinyongo. Ninacho. Nimekilea vizuri miaka yote hii, na yeye ndiye aliyenifundisha kukilea.

Alikuwa mhadhiri wa ujenzi katika chuo cha ufundi pale Migori. Alinifundisha kupanga matofali kabla hajanifundisha kutupa mpira, na kwake hayo yalikuwa somo moja. Hakumwita mtu kwa jina. Alikuita kwa jina la kwenu. Mimi nilikuwa Kehancha tangu siku ya kwanza, na mchezaji wetu mrefu kuliko wote, aliyekulia kisiwani, alikuwa Takawiri. Siku moja nilimwuliza sababu.

"Ukicheza vibaya," akasema, "unafikiri ni wewe peke yako umeaibika? Kehancha yote imeaibika. Sasa beba hiyo."

Nikaibeba. Kila nilipokosa kikapu nilimwona mama yangu na majirani zake wameacha kufunga tumbaku kwenye vijiti, wananitazama. Ilikuwa mbinu ya kikatili, nasema hivyo hata leo, ila ilifanya kazi.

Mwili wake ulikuwa mdogo, shingo fupi, na alivaa kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Mfukoni hakukosa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Aliining'iniza kwenye pete ya kikapu, akatuambia tusimame nyuma ya mstari na kuitazama kabla ya kutupa. "Kwanza jua wima ni wapi," alikuwa akisema. "Baadaye utatupa." Wageni waliokuja kutazama mazoezi walidhani ni uchawi wa watu wa Suna, hapo Migori.

Kitu kilichopinda kilimnyima raha. Nilimwona kwenye harusi ya mhadhiri mwenzake akiacha sahani ya kuku, akainuka, akaenda kupapasa fremu ya dirisha la ukumbi kwa kidole. Aliporudi alikula kidogo sana. Kuna nyumba aliyoijenga Awendo ambayo aliirudia baada ya wenyewe kuhamia, akawaomba wamruhusu abomoe mstari mmoja wa matofali jikoni, kwa kuwa alikuwa ameuona umepinda akiwa amelala kwake akifikiria mambo mengine. Wenyewe walikuwa hawajaona kitu. Alibomoa, akajenga upya, akanywa chai yao na kuondoka.

Adhabu yake ilikuwa moja. Ukikosa mrusho huru kwenye mazoezi, unajenga tofali moja. Kando ya uwanja palikuwa na msingi aliouchimba mwenyewe, na juu ya msingi huo makosa yetu yalipanda mstari kwa mstari hadi yakawa ukuta wa kiuno. Tofali ukiliweka limepinda, alisimama hapo na timazi yake mpaka ulitoe, ukwangue saruji na kulipanga tena, wenzako wakiwa wameshaenda kuoga. Sehemu kubwa ya ukuta ule ni yangu. Wanafunzi wa siku hizi hukaa juu yake wakila mandazi, hawajui wamekalia nini.

Sasa kuhusu hasira. Kocha alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya waumini akahubiri msamaha kwa sauti ya upole iliyowatoa akina mama machozi. Takawiri alikuwa akinisimulia. Halafu Jumapili tukikutana uwanjani alikuwa ameshakiokota kinyongo chake palepale alipokiweka Ijumaa jioni, hakijapungua hata chembe. Mimi ni Mkatoliki. Niliwahi kumwambia kwamba sisi tunaungama na kuyaacha. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe ni mtu wa ujenzi au wa nini?" akaniuliza. "Saruji usipoimwagilia maji inapasuka. Hasira pia. Mwagilia kidogo kidogo kila siku. Mtu mwenye kukasirika leo na kupigana leo, hiyo ni saruji ya nani?"

Aliyekuwa akimwagiliwa hasira hiyo alikuwa kocha wa chuo cha Homa Bay. Huyo tulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeongoza kamati ya kupanga mechi za vyuo vya eneo letu, na alikipenda cheo hicho kuliko chakula. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kizuri. Yeye na Kocha walitoka sehemu moja, huko Kosele, mashamba yao yakigawanywa na ua wa mikonge, na walibatizwa siku moja katika mto mmoja. Mwenyekiti aliacha kanisa ujanani. Kocha hakuacha. Ugomvi wao ulianza vipi sijui hadi leo. Kila nilipouliza nilipewa hadithi mpya, mara ng'ombe aliyeingia mahindi, mara nafasi kwenye timu walipokuwa vijana, mara msichana. Nadhani wao wenyewe walikuwa wamesahau, na hawakuona haja ya kukumbuka.

Ninachojua ni kwamba Mwenyekiti aliijua Jumamosi ya Msabato vizuri kuliko mtu yeyote aliyeketi kwenye kamati ile. Alijua inaanza Ijumaa jua linapozama. Alijua inaisha Jumamosi jua linapozama. Na alijua kwamba zaidi ya nusu ya timu ya Migori, pamoja na kocha wao, katikati ya majua hayo mawili hawagusi mpira.

Mwaka wangu wa pili chuoni tulifika fainali. Mwenyekiti akaipanga kwake Homa Bay, Jumamosi, saa kumi jioni. Kocha akaomba iwe Jumapili. Mwenyekiti akacheka kicheko chake kizuri, akasema kalenda ni ya kamati na kamati haina dhehebu.

Nilidhani Kocha atakwenda kwa mkuu wa chuo, atapiga kelele, atatuambia tususie. Ijumaa jioni alinikuta nje ya bweni. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya paa la karakana. Alinikabidhi mfuko wa mipira na filimbi yake.

"Wasiokuwa Wasabato mko watano," akasema. "Watano wanatosha kuanza. Kehancha, utamalizia."

Akageuka akaenda zake kanisani. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo.

Tulikwenda watano, bila hata mmoja wa kukaa kwenye benchi. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu mapema, tukabaki wanne. Mwingine akatolewa kwa faulo, tukabaki watatu, na watatu hao walikimbia kuanzia ubao huu hadi ule mpaka mimi nikatapika kando ya mstari. Mashabiki wa Homa Bay hawakututukana. Walifanya baya zaidi. Waliimba ule wimbo wa Wasabato wa kuikaribisha Sabato, ubeti wa kwanza, wakaurudia na kuurudia huku wakipiga makofi na kutikisa viuno, na kila walipofunga kikapu waliuanza upya. "Omera, nenda kanisani!" kijana mmoja alinipigia kelele. "Mchungaji anakungoja!"

Kocha alikuwa na desturi moja ngumu. Tukishindwa, hatukuruhusiwa kuondoka uwanjani mpaka mshindi wa mwisho amalize kucheza ngoma. "Tazameni," alikuwa akituambia. "Asiinamishe mtu kichwa. Kula yote." Siku ile hakuwapo kutulazimisha, na mimi niliyekuwa namlaani moyoni ndiye niliyewasimamisha wenzangu kwenye mstari, yule mwenye kifundo kibovu akiniegemea, tukatazama hadi vumbi likatulia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hata katika kumchukia nilikuwa mwanafunzi wake.

Mwenyekiti alipiga picha. Nimeinama, nimeshika magoti, mate yananing'inia mdomoni, na nyuma yangu ubao wa alama. Aliichapisha ikiwa kubwa kama mlango, akaitundika kwenye ukumbi wao wa chakula. Watu walinitumia picha ya picha hiyo kutoka kila upande. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi ya boda boda Isebania aliniambia abiria alimwonyesha akicheka, hajui kwamba ni mtu wake.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilikuwa na visasi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Homa Bay: kombe lile tulichukue kwao, mbele ya mashabiki wale wale, na picha ile nikaiteremshe mimi. Cha pili kilikuwa cha Kocha. Nilipanga kwamba siku tutakayoshinda atanyoosha mkono kunipongeza, kama alivyofanya kwa kila nahodha, na mimi nitaupita mkono huo mbele ya watu wote. Niliwaza jambo hilo nikipiga mswaki. Niliwaza nikichanganya saruji.

Msimu ule tulicheza kama watu wenye njaa. Kocha hakuomba msamaha wala hakuitaja Jumamosi ile. Alichofanya ni kuongeza mazoezi ya mirusho huru, na ukuta ukapanda. Takawiri, ambaye mwaka uliopita alishinda Jumamosi ile kanisani akilia, alijenga matofali bila kuambiwa, hata mpira ulipoingia. Tulishinda nyumbani, tukashinda Rongo, tukashinda hata siku moja ya mvua pale ambapo mpira ulikataa kudunda. Homa Bay nao walishinda mechi zao zote. Ilipofika mwisho, kila mtu alijua fainali ni ya nani na nani, na kila mtu alijua itapangwa lini.

Ilipangwa Homa Bay, Jumamosi, saa kumi jioni.

Mhadhiri aliyekuwa kwenye kikao cha kamati aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa Jumatatu. Safari hii Kocha hakupinga. Aliinua mkono kwa adabu, akasema kwamba fainali kubwa kama hiyo, kwenye uwanja mzuri wenye taa mpya kama ule wa Homa Bay, inastahili mgeni wa heshima. Kwa nini asialikwe mheshimiwa, mwakilishi wa wadi? Yeye Kocha alikuwa amemjengea mheshimiwa nyumba, angefurahi kumpelekea mwaliko mwenyewe. Mwenyekiti alivimba kwa furaha. Picha akiwa na mheshimiwa! Ikapitishwa bila mjadala, na Mwenyekiti ndiye aliyeshukuru zaidi.

Ijumaa mchana Kocha alinikuta tena nje ya bweni. Alinipa mfuko wa mipira na filimbi. Safari hii hata lile neno hakulisema. Nilimtazama mgongo akiondoka, na nakuambia ukweli, kama tofali lingekuwa karibu sijui ningefanya nini.

Jumamosi tukashuka Homa Bay watano tena. Nilikuwa nimeshaamua. Kama ni kushindwa tutashindwa, lakini kuna mtu wa Homa Bay ambaye hangetembea sawa Jumapili. Tuliingia uwanjani, na ule wimbo ukaanza kabla hatujavua masweta.

Saa kumi ikafika. Mheshimiwa hajafika.

Sasa, mtu yeyote wa kwetu anajua mambo haya yanavyokwenda. Mechi haianzi bila mgeni wa heshima. Mheshimiwa hafiki kabla ya kila mtu kuchoka, kwa sababu akifika mapema watu watafikiri hana kazi. Na mheshimiwa huyu alikuwa na sifa yake mwenyewe: walimngojea kwenye mazishi hadi padri akaondoka. Saa kumi na moja Mwenyekiti akaanza kutembea huku na huku akitazama saa. Nilikuwa karibu alipomwendea mkuu wa chuo chao.

"Mkuu, tuanze tu. Mheshimiwa atatukuta katikati."

Mkuu akamtazama kana kwamba amemwambia wavue nguo. "Tuanze game bila chief guest? Na ni wewe ulimwalika? Unataka nihamishwe?"

Nikaona uso wa Mwenyekiti ukibadilika. Alikuwa ametazama jua. Akatazama upande wetu, ambako tulikuwa watano tumekaa chini, kisha akalitazama jua tena, na mimi pia nikalitazama. Hapo ndipo nilipoelewa, nikaanza kucheka peke yangu hadi wenzangu wakadhani nimepatwa na wazimu.

Mheshimiwa alifika jua likiwa limekaribia ziwa. Akasalimiana na watu, mmoja mmoja. Ikaombwa sala. Akina mama wakacheza ngoma, mheshimiwa akacheza nao. Wakatambulishwa wageni, na wasaidizi wa wageni. Kisha akashika kipaza sauti akaeleza barabara alizoleta, barabara atakazoleta, na barabara ambazo wapinzani wake wamezizuia. Mwenyekiti alisimama nyuma yake akitokwa na jasho, akipiga makofi kila alipotakiwa. Mheshimiwa aliposema "kwa hayo machache", taa mpya za uwanja zilikuwa zinawaka, nazo ziliwaka vizuri sana.

Lango likafunguliwa. Kocha aliingia na suti yake ya kanisani na Biblia kwapani, bila haraka. Nyuma yake walikuwa Takawiri na wengine wote, mashati meupe, viatu vya kung'aa. Walikuwa wamefika Homa Bay tangu Ijumaa kabla ya jua kuzama, wamelala kwa waumini, wameshinda kanisani kutwa, wameifunga Sabato kwa sala ya jioni kama inavyotakiwa. Takawiri alisimama mbele ya mashabiki akafungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja. Ndani alikuwa amevaa jezi.

"Muda umepita!" Mwenyekiti alimpigia refa kelele. "Hawa wamechelewa!"

"Wamechelewa nini, na game haijaanza?" refa akasema. "Majina yao ninayo. Wacha wacheze."

Nilimkimbilia Kocha. Sikuwa nimepanga kumwambia kitu, ila yalinitoka. "Jaduong', wewe mzee wa kanisa, umefanya njama siku ya Sabato?"

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kazi Sabato? Mimi? Kazi yote niliifanya Jumatatu."

Mechi yenyewe sitaisimulia yote. Homa Bay walikuwa wamekaa kwenye baridi ya kungoja, miguu imeganda, wamekunywa soda za mheshimiwa. Hata hivyo walipigana, hilo siwanyimi. Kuelekea mwisho tulikuwa sawa kwa sawa, nikasukumwa chini ya kikapu, nikapewa mirusho miwili. Mashabiki wakaanza wimbo. Nikatazama pete, nikaona timazi ikining'inia pale ingawa haikuwapo. Nilikuwa nimejenga nusu ya ukuta ule. Sikutaka tofali lingine. Mirusho yote miwili iliingia bila kugusa chuma, na Takawiri akauzuia mpira wao wa mwisho kwa kiganja.

Tulianza kurukaruka, lakini Kocha akatunyamazisha kwa mkono. Alikwenda akachukua kipaza sauti cha mheshimiwa.

"Ndugu zangu wa Homa Bay," alisema kwa ile sauti ya kanisani. "Hii wimbo mmeimba mwaka jana na leo mmeimba tena. Lakini nyinyi mnaimba ubeti ya kwanza tu. Sasa Sabato imeisha, hatuna haraka. Imbeni zile zimebaki. Sisi tutangoja."

Halafu mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu langoni akaanza ubeti wa pili, kwa sauti nyembamba, kwa sababu alikuwa wa kanisa hilo na aliona si vizuri wimbo ukatwe. Mwingine akaingia, kisha mwingine. Vijana waliokuwa wakitikisa viuno walivua kofia. Kocha hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Mwenyekiti, naye Mwenyekiti, aliyelelewa na wimbo ule na kuujua wote, midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na maneno bila kutaka. Kocha akamwacha aimbe hadi mwisho. "Ero kamano," akashukuru kwa Kijaluo, akarudisha kipaza sauti. Sijaona kisasi kisafi kama hicho, na sitakiona.

Mimi nilikuwa na changu. Nilikwenda kwenye ukumbi wa chakula nikaiteremsha ile picha ukutani, hakuna aliyenizuia. Nilipokuwa nikirudi nayo kwenye basi, Kocha alikuwa amesimama mlangoni akipokea wachezaji. Aliponiona alinyoosha mkono wake. Timu nzima ilikuwa inatazama.

"Mikono imejaa, Kocha," nikamwambia, nikapita.

Aliushusha mkono polepole. Mwaka mzima nilikuwa nimekisubiri kitendo kile, na kilikuwa kitamu kama nilivyotarajia. Sikujutia wakati ule na sijutii sasa.

Baada ya hapo nilihitimu. Nikarudi kwetu, nikapata kazi ya kufundisha ujenzi kwenye chuo kidogo pale Kehancha, nikaanzisha timu. Nawaita wachezaji kwa vijiji vyao. Wakikosa mirusho wanajenga. Kocha alistaafu akarudi Kosele, na kwa miaka mingi hatukupigiana simu, ingawa namba zilikuwapo.

Mwaka huu Takawiri alinipigia kuniambia Mwenyekiti amefariki baada ya kuugua, na atazikwa nyumbani kwake Kosele, Jumamosi. "Ameacha ameagiza mwenyewe," akasema, na nikasikia anajizuia kucheka. "Familia ilitaka Ijumaa. Alikataa kabisa. Jumamosi, saa kumi."

Nilikwenda tangu Ijumaa. Nikiulizwa nasema nilikwenda kuomboleza. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu mahali mtu yule atakapowekwa. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikapita turubai na rundo la mchanga, na ndani ya kaburi nikaiona kofia ya sufu.

Kocha alikuwa amezeeka. Mashavu yameingia ndani, magoti yanamsumbua, lakini mikono ilikuwa ile ile. Ukuta wa kaburi alikuwa ameupandisha mpaka juu ya ardhi, umenyooka hadi kuumiza macho. Uliobaki ulikuwa mstari wa mwisho, ule ambao haufunikwi na udongo, unaoonekana siku zote.

"Kehancha," akasema bila kuinua kichwa. "Nilijua utakuja kuhakikisha."

"Wewe je, Jaduong'? Umekuja kufanya nini?"

"Si unaona? Najenga. Nimeweka saruji ya kutosha. Huyu hatoki." Akapiga tofali kwa mwiko. "Yawa, huyu jamaa. Hata kufa amechagua Jumamosi ndio nisimwone akishuka. Ameniweza."

Alisema hivyo macho yakiwa yamejaa maji, na hasira iliyokuwa kwenye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa. Niliijua hasira hiyo. Nilikuwa nayo tangu nje ya lile bweni. Nikashuka ukingoni, nikamnyooshea mkono, wa kwanza kwa miaka yote hiyo.

Aliutazama. Akageuza viganja vyake juu, kijivu kwa saruji.

"Mikono imejaa, Kehancha."

Sikujua kama ni saruji tu iliyosema. Hakuninyooshea hata kifundo cha mkono, kama mtu aliyechafuka anavyofanya. Alipanda kutoka shimoni akijishika kiuno, akalitazama jua lililokuwa limefika kwenye mikonge ya mpaka wao. Akauchomeka mwiko kwenye rundo la saruji mbele yangu, timazi akaitundika kwenye mpini wake.

"Sabato inaingia," akasema. "Utamalizia."

Akaenda zake, akakata mpakani kuelekea kwake, bila kugeuka.

Nilisimama pale. Ameniacha tena, kwa neno lile lile, na kazi ikiwa nusu. Kisha nikavua koti, nikashuka. Nilipanga mstari ule vizuri, kila tofali nikilipima kwa timazi yake, mpaka nikafika la mwisho, kona ya upande wa shamba lake, mahali atakapopaona kila siku akitoka nyumbani. Hilo nikalipinda. Kidogo tu. Waombolezaji hawangeliona kamwe. Nikalikandamiza na saruji nzuri, nikanawa, nikaliacha likauke.

Jumamosi walimzika Mwenyekiti, watu wakasifu kaburi. Mheshimiwa alichelewa.

Jumapili asubuhi nilikuwa ninajiandaa kurudi Kehancha simu ilipolia. Hakusalimu.

"Tofali la kona."

"Ndiyo, Kocha."

"Umelipinda."

"Ndiyo, Kocha."

Nikamsikia akipumua. Nyuma yake jogoo aliwika, na kulikuwa na mlio wa chuma kugonga tofali, mara moja, halafu haukuendelea.

"Sitalitoa," akasema hatimaye. "Wacha likae hapo, linitazame. Basi Kehancha, mimi nimeshanawa mikono. Wewe uko wapi?"